Nilipoonja Uji wa Shosho

Binti yangu ameniletea kikombe cha uji mchachu. Nimekinusa mara mbili, akacheka. "Mum, hiyo ni uji tu."

Nilikuwa darasa la pili mimi na mama tulipoenda kumwona shosho, bibi yangu, kwenye makao ya wazee, upande wa Mukurweini. Palinuka sabuni ya sakafu na blanketi zisizokauka vizuri. Mlezi wake alimsemesha kwa sauti ya juu, kana kwamba ni kiziwi, na shosho alikuwa akisikia hata kuku akikanyaga majani makavu ya mgomba.

"Shosho, kunywa uji, uwe mtoto mzuri."

Shosho alimgeukia mama. "Wanaweka kitu. Nikikunywa hii nalala mpaka kesho."

Mama na mlezi wakatazamana.

"Wazee ndio hivyo," mlezi akasema. "Huyu anashuku kila mtu, ati hata paka."

Shosho alinisukumia kikombe. "Onja wewe. Wewe huwezi kunidanganya."

Nikaonja. Chini ya uchachu na sukari kulikuwa na uchungu, ule wa tembe iliyoyeyuka ulimini kabla hujaimeza. Nikamtazama mama. Alikuwa amenikazia macho kama anavyonikazia kanisani.

"Ni tamu, shosho."

Akaunywa wote, kisha akanipangusa mdomo kwa ncha ya leso yake. Kabla hatujaaga alikuwa amelala, na jua bado liko juu.