Maji ya Sukari Chini ya Mkunazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi yenye mwanga mwekundu na masharti mawili: nitembee polepole, na nisijipake manukato. Nilikuwa nimetoka kulinda lango la hoteli kule Marina, mjini Dubai, nikidhani shamba ni jembe. Kumbe ni nyumba ya plastiki ukingoni mwa jangwa la Dubai, nyanya zimepanda juu ya kamba, na ndani yake bambi, nyuki wanene wenye manyoya, walioletwa kwa ndege kutoka nchi za baridi wakiwa kwenye maboksi. Bambi hulikumbatia ua la nyanya na kulitikisa mpaka chavua imwagike. Macho yao hayauoni vizuri mwanga mwekundu, ndiyo maana ya tochi. Mngurumo wao ulinichukua. Kuna asubuhi nilisimama katikati ya mistari nikasahau nchi niliyomo.

Msimamizi wetu, Mganda mmoja mpole, alinifunza kuwatambua wagonjwa: tumbo lililovimba, mabawa yasiyotaka kuinuka, kinyesi cha majimaji mlangoni mwa boksi. Hao walikuwa na vimelea vya tumbo, yaani vijidudu wanaoishi ndani ya mwili wa mwingine na kumla taratibu. Mgonjwa huacha uchafu wake kwenye ua au kwenye chakula, na mwenzake akija kunywa anaondoka nao. Boksi likiugua tulilitia kwenye friza mpaka likanyamaza. Maji ya sukari yaliyobaki, ambayo ndiyo chakula chao, tuliyamwaga shimoni pamoja na klorini.

"Dada, cha ndani kisitoke nje," aliniambia. "Ukikosea hapo, khalas, imekwisha."

Nilikosea hapo hapo.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na mkunazi, na kwenye tawi lake nyuki wadogo wa porini walikuwa wamejenga sega moja tu, la ukubwa wa kiganja. Niliwapenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote mji ule. Mwaka mmoja joto lilizidi, maua yakakauka, nao wakawa wanatambaa kwenye bomba wakitafuta tone. Kwetu Kitale sukari haimwagwi. Nikachukua maji ya boksi lililougua, nikayatia kwenye sahani yenye vijiwe, nikaiweka kivulini. Walishuka kwa makundi, nami nikakaa nikiwatazama wakinywa, nimefurahi kama mama aliyewapakulia watoto.

Baada ya wiki kadhaa walianza kuanguka. Mkubwa wetu, Madam Daktari wa wadudu, mama wa ukoo wa Kizanzibari aliyezaliwa hukohuko Dubai, aliokota mmoja, akampima kwenye hadubini, kisha akaniita. Vijidudu walikuwa wa namna ileile ya kwenye maboksi. Neno lake moja kwa arbab, mwenye shamba, lingenirudisha nyumbani.

"Wamekula nini hawa?"

"Niliwapa mimi, Madam. Niliona wana njaa."

Alizima taa ya hadubini. "Njaa walikuwa nayo kweli, mwanangu. Basi sasa kaa nao."

Hakunifukuza. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikaa chini ya mkunazi, nikiwaokota walioanguka na kuwatia kwenye kichupa. Walikuwa wepesi mno, sikuwahisi vidoleni. Kisha ikaja asubuhi moja nisipate wa kuokota. Nilifurahi, nikainua macho, na sega lilikuwa tupu. Kama walihama au waliisha, hata Madam hakujua. Aliniagiza nilikate nilitie kwenye friza, nami nililibeba nikilia.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi na sharti la cha ndani kisitoke nje sikulivunja tena. Sasa nimestaafu, nimerudi Kitale, na bambi weusi wa kwetu huja kwenye maharage yangu yakitoa maua. Wakati wa kiangazi majirani hunitania, eti mtu aliyelelewa na nyuki Uarabuni hawawekei hata kisahani cha sukari. Mimi nimewapandia maua, na maua wanayachagua wenyewe. Wakija nanawa mikono, nachukua kiti, nakaa nao.