Kitufe cha Kutunza

Siku ya kwanza kazini niliwekewa mezani karatasi zilizochorwa simu. Ofisi ilikuwa Mkomaindo, chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Nilikuwa mtu mzima tayari. Shule niliiacha darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu kwa kuuza tiketi kwenye maonyesho ya ngoma na bendi. Meneja wa Ubunifu, kijana wa kuniamkia shikamoo, aliniajiri kwa kuwa niliwajua mashabiki.

Programu yetu ya simu ilikuwa ya kuwachangia wanamuziki wasio na mfadhili. Kabla fundi hajaiandika kwenye kompyuta, tulichora kila ukurasa kwa kalamu. Hicho ndicho kielelezo: unampa mtu karatasi, anagusa kwa kidole kama anayebofya, nawe unatazama anapokwama. Nilizunguka nacho Chiungutwa, Chidya, hadi Newala.

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka programu ifanikiwe. Hamisi, mdogo wangu wa mwisho, alipiga ngoma Newala, ngoma alizoachiwa na baba, na alishasema ataziacha akapakie mizigo bandarini Mtwara.

Kwetu shabiki hutunza: huinuka, humwendea mpigaji akicheza, humbandika noti kwenye paji la uso, watu wakishangilia. Kitufe chetu kilituma hela kimyakimya.

“Meneja, huku mtu huinuka.”

“Mama Zuhura, kuinuka ni usumbufu. Sisi tunauondoa.”

“Na mpigaji atamwona nani?”

“Ataona ujumbe.” Akacheka. “Au mdogo wako hapendi hela?”

Tuliizindua programu Newala mchana mmoja, baada ya mavuno ya korosho. Hamisi alizipasha ngoma kwenye moto wa nyasi hadi zikalia vizuri, akaanza. Watu walikaa wameinamia simu. Uwanja ulibaki mtupu. Alimaliza mapema.

“Dada, nimewakosea nini?”

“Hujakosea. Wametuma, angalia simu.”

“Nimeona. Lakini hakuna aliyekuja.”

Onyesho lililofuata tulimweka mshereheshaji asome majina ya waliotuma. Walipigiwa makofi wakiwa wamekaa. Wiki ileile Hamisi akaniachia ngoma, akaenda Mtwara.

Nilibaki kazini hadi kustaafu. Wakati ule mwanangu Zuhura alikuwa bado anasoma, na mshahara ndio uliomlipia ada. Ninyi mnaobuni sasa, mkiona mtu anasumbuka, muulizeni kwanza kama anataka aondolewe usumbufu huo.

Ngoma ziko kwangu. Ngozi zikilegea, nawasha nyasi uani, nazipasha kama alivyokuwa akifanya Hamisi, nazigonga mara moja. Bado zinalia. Kisha nazirudisha ndani.