Mashini Iliyonusa Vita

Nakumbuka, mwanangu, miaka ile ya vita nilivyoamini kwa moyo wangu wote kwamba kompyuta kubwa ya depo yetu ya bidhaa pale Butembo inanusa askari. Usicheke. Nilikuwa na diploma ya kompyuta ya masomo ya jioni, bado mpya, na niliitembeza mjini kama bendera. Kila habari za mapigano zilipofika, feni ya mashini ilinguruma kama malori kumi yanayopanda kutoka mpakani Kasindi, na prosesa ikapata joto la kuivisha sufuria ya sombe. Dalili ya mvua ni mawingu, niliwaambia watu, nao wakaniamini. Nikawa nabii wa mtaa.

Asubuhi moja ilinguruma kuliko siku zote, nami nikatangaza kwamba mashini imesema. Mama Masika, mwenye depo, akaamuru lori lipakiwe. Mama yake mzazi, mgonjwa wa kifua, akalazwa juu ya magodoro apelekwe Kasindi. Abdalla, fundi wa kompyuta kutoka Beni aliyefika na lori hilohilo, alituonya kuwa risasi zinalia huko barabarani, mjini ndiko kumetulia. Mama Masika akamjibu kwamba mashini inajua kuliko abiria.

"Basi niiulize kwanza, Mama," akasema.

Hakugusa feni. Alifungua ukurasa unaoonyesha ni kazi gani inayokula nguvu ya prosesa, akakuta moja tu, imejirudia kutoka kaunta zote: kutafuta chumvi. Vita ikisikika, mji mzima hukimbilia chumvi. Na kila karani alipouliza kama ipo, mashini ilipitia bidhaa zote za depo, tangu kitenge cha kwanza hadi msumari wa mwisho. Abdalla akaitengenezea faharasa, iende moja kwa moja penye chumvi. Makarani waliendelea kuuliza, mizinga ikalia huko mbali, na feni imetulia kama paka aliyeshiba. Bibi akashushwa, akaomba uji.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukikuta joto, la mashini au la mtu, usifunge mizigo kabla hujajua ni kazi gani iliyolileta. Mungu akupe subira ya kuuliza, na nyumba usiyohitaji kuikimbia.

Mimi siku ile bado nilibisha: mbona hunguruma vita ikikaribia? Abdalla akapuliza chai yake.

"Ndugu, mashini haina pua. Ni nyinyi njo munaogopa, halafu bote munaiuliza chumvi mara moja."