Sauti Iliyonyamazisha Vilio

Ukifika mtaa wa Mangobo ukauliza lituma nzuri inauzwa wapi, watu watakutuma kwa Mama Augustine, na hawatakuwa wamekosea. Anachemsha ndizi mapema, anazitwanga mpaka ziwe donge laini, anazifunga kwenye majani, na kabla jua halijawa kali sufuria imebaki tupu. Lakini si lituma iliyompa sifa. Sifa yake ilitoka kwenye matanga.

Mtu akifa katika jumuiya yao ya kanisa, mama aliyefiwa anakaa chini kwenye mkeka, wanawake wanamzunguka, na mmoja wao anaanzisha nyimbo. Huyo mmoja alikuwa Mama Augustine, na Augustine ni jina lake mwenyewe. Ana sauti nzito, ya chini, na wanaume kadhaa wa kwaya waliionea wivu waziwazi. Papa Hugues, katekista wao, alipenda kusema kwamba Augustine akianza kuimba, kilio kinakatika chenyewe. Ilikuwa kweli. Mama aliyekuwa anagaagaa chini angetulia, kisha Augustine angeinama, angemshika mabega na kumwambia maneno yake yale yale: "Nyamaza, mama. Mungu ndiye alimuhitaji." Mama angenyamaza. Watu wangenong'onezana kwamba huyu mwanamke amepewa dawa ya majonzi. Na yeye, tusidanganyane, alipenda kusikia hivyo. Nani asingependa?

Hakuwa mnafiki, msimwelewe vibaya. Aliyaamini maneno yale kama unavyokiamini kiti ambacho hakijawahi kukuangusha. Aliingia nayo nyumba kwa nyumba, miaka na miaka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Benie, msichana mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Benie alikuwa anashuka mto hadi Isangi kununua mafuta ya mawese na samaki wa kukaushwa, anarudi kuviuza sokoni. Safari yake ya mwisho alipanda baleinière, mashua ndefu ya mbao yenye injini, na mwenye mashua akapakia magunia mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. Hawajafika kijiji cha Yanonge, ikapinduka. Ilikuwa mchana, mto umetulia, hata mvua haikunyesha. Benie aliletwa nyumbani akiwa amefunikwa kitenge cha mtu mwingine.

Basi jumuiya ikaja, na safari hii mkeka ulitandikwa kwa Augustine. Kwa kuwa hakuna aliyejua kufariji zaidi ya alivyowafundisha yeye mwenyewe, wakamfariji kwa vya kwake. Waliimba nyimbo zake, kwa mpangilio wake. Chimène, mama kijana aliyekuwa akimwitikia kwenye kila matanga, akainama, akamshika mabega, akasema kwa upole mkubwa, "Nyamaza, mama. Mungu ndiye alimuhitaji."

Augustine akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu ukishaambiwa hivyo, huna pa kujibia. Ukiendelea kulia, unakuwa umegombana na Mungu mbele za watu. Kilio kikarudi ndani, kikamkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Na hapo mkekani, kati ya wimbo na wimbo, aliwakumbuka mama wote aliowatuliza, mmoja mmoja, na akaogopa sana.

Baada ya hapo hakuimba tena. Kanisani alikwenda, lakini alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mdomo umefungwa. Kukiwa na matanga, alituma lituma na yeye akabaki nyumbani. Papa Hugues akaja kumwona. Ni mtu mwema Papa Hugues, ila anapenda kila kitu kiwe na jibu.

"Mama Augustine," alisema, "si Mungu alipindua ile mashua. Ni tamaa ya mwenye chombo. Alipakia kupita kipimo."

"Nakubali, papa. Lakini Mungu hakuona?"

"Aliona. Yeye anaona yote."

"Bon. Mimi nikiona mutoto wa jirani anatambaa kwenda kwa moto, nitamushika, hata kama ni mama yake ndiye alisahau. Sitasema kosa ni la mama. Alors, mimi niko na roho nzuri kumupita Mungu?"

Papa Hugues akaomba maji ya kunywa. Augustine akampa. Alimwonea huruma kidogo, maana alijua kwamba mzee wa watu hakuja kwa ubaya.

Kilichomkata kabisa ni Misa ya shukrani ya Benoît. Huyu Benoît ni mfanyabiashara aliyekuwa kwenye mashua ileile akaokoka. Alileta mbuzi na mananasi, akacheza mpaka mbele ya altare, kisha akapewa nafasi ya kusema. Akasema, huku analia, kwamba ndani ya maji alihisi Mungu amemshika mkono. Kanisa zima likapiga makofi. Augustine akanyanyuka, akatoka taratibu. Hakuwa na kinyongo naye. Alifurahi kwamba watoto wa Benoît bado wana baba. Ila njia nzima mpaka nyumbani alikuwa anamuuliza Mungu: na ule mkono wako mwingine, siku hiyo ulikuwa na kazi gani?

Mtu aliyemfaa wakati huo, ukitaka kujua, hata si wa kanisa lao. Ni Hadidja, fundi wa cherehani wa ua wa jirani, wa zile familia za Kiislamu za zamani hapa mjini. Tangu siku za matanga alikuwa anaingia jioni, anakusanya vyombo, anaviosha, anaondoka. Siku ya kwanza Augustine alimwambia aache. "Nyimbo zenu sijui," Hadidja akamjibu, "lakini sufuria zenu ni sawasawa na zetu." Akaendelea kusugua.

Siku moja Augustine akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza talaka, "Mimi na Mungu hatuongei tena."

Hadidja akacheka, na hakuficha. "Hamuongei? Mama Benie, kila asubuhi nakusikia kwa ukuta. Unatwanga, unamufokea. Unatwanga, unamufokea. Watoto wangu hawana tena haja ya saa ya kuwaamusha."

Augustine akaona aibu, maana ilikuwa kweli. Alikuwa akimwambia Mungu kila kitu akiwa na mchi mkononi: kwamba uliiona ile mashua, kwamba mtoto wangu alijua kuogelea na wewe ulijua kwamba anajua, kwamba usinitumie watu wenye majibu. Alimwambia maneno ambayo usingemwambia mkubwa yeyote. Kesho yake alisimama mbele ya kinu akijaribu kunyamaza, akashindwa. Akajiuliza anamfokea nani kama hapo hakuna mtu. Majibu hakuwa nayo, na hakuyapata. Ila alitambua kwamba kwa muda wote huo, pamoja na matusi yote, hajawahi hata asubuhi moja kujisikia anafokea ukuta. Akashika mchi, akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Ndipo mtoto wa Chimène, Merdi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akapata homa na kufa.

Papa Hugues alikuja mwenyewe asubuhi, kofia mkononi. "Tunakuomba. Chimène anataja jina lako. Na kusema kweli, yule binti wa watu ananishangaza. Halii hata kidogo. Kila mutu anayeingia, yeye ndiye anamufariji: Mungu ndiye alimuhitaji. Ile ni imani, mama."

Augustine akaweka mchi chini. Imani gani? Alijua vizuri kilichomkaa yule binti kifuani, na alijua nani alimfundisha kukifungia. Akienda akaimba kama zamani, atamfungia zaidi. Na akisema yaliyo moyoni mwake, je? Labda yale maneno ndiyo nguzo pekee iliyomshikilia Chimène. Akiing'oa, nyumba nzima inamwangukia binti wa watu siku ya kumzika mtoto wake. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akawaza, Papa Hugues amesimama anasubiri. Mwishowe akajifunga kitenge, akamfuata, bila kujua atasema nini.

Ua ulikuwa umejaa. Wanawake walipomwona wakampisha, na wengine wakaanza kusafisha koo, maana walidhani wimbo unakuja. Hakuimba. Aliketi mkekani kando ya Chimène, bega kwa bega, kama watu wanaochambua majani ya sombe pamoja. Chimène alikuwa amekaa wima, macho makavu, amekunja kikoti kidogo cha mtoto mapajani.

"Mama Augustine," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma darasani, "Mungu ndiye alimuhitaji Merdi. Si ndivyo?"

Chimène alikuwa anamtazama usoni, na Augustine akaona kwamba hili ni swali, tena swali la kweli, na kwamba hakuna mtu mwingine pale atakayelijibu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Miye nimemuuliza sana, hajaniambia. Ninachojua, wewe ulimuhitaji."

Uso wa Chimène ukatikisika. Kisha akatoa sauti ambayo haikuwa wimbo wala neno, akaanguka mapajani mwa Augustine, akalia kwa nguvu, akiita jina la mtoto, akimuuliza Mungu kwa nini, kwa nini, amekosa nini. Wanawake wakashtuka. Mmoja akaanzisha wimbo haraka ili kumtuliza, wengine wakadakia, na Papa Hugues akapiga hatua mbele, ameshanyoosha mkono kuelekea mabega ya binti.

Augustine akamzuia kwa kiganja, bila hasira.

"Muache, papa," akasema. "Iko anaongea na Mungu."

Wimbo ukafa vinywani mwao. Wakakaa chini, wote, hata Papa Hugues, wakamwacha aongee.