Twiga wa Koma na Mabano

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi kwa mama, Ruiru, na mtoto mgongoni na cheti cha kompyuta ndani ya bahasha. Ndoa ilikuwa imenishinda. Kaka yangu na mkewe waliishi pale pale, na wifi hakunifukuza, ila alikuwa na namna yake ya kuuliza kila asubuhi kama nimepata nyumba. Kwa hiyo nilipopata kazi ya majaribio katika kiwanda cha sweta, Eneo la Viwanda Thika, niliishika kwa meno. Nikiandikwa, ningekodi chumba Ngoingwa nifunge mlango wangu mwenyewe. Nisipoandikwa, mimi na wifi tungeendelea kuamkiana. Kila usiku nilifungulia redio taarabu kwa sauti ya juu, na aliyeuliza nilimwambia naipenda.

Kiwanda kilikuwa na kompyuta moja, iliyounganishwa na mashine mpya ya kufuma nembo za shule kifuani mwa sweta. Kijana aliyenitangulia alikuwa ameenda zake, na disketi yenye michoro yake ilikuwa imeharibika. Kilichobaki ni faili moja ya maandishi. Alikuwa ameichapa nembo ya shule moja, twiga aliyesimama, ili tu aikague kwa macho: kila mstari wa mchoro ndani ya mabano, namba zikitenganishwa na koma. Sifuri ilikuwa uzi wa kijani, moja uzi wa njano.

Mtu akikunja macho kidogo mbele ya skrini, alimwona twiga. Kompyuta haikumwona. Kwake yale yalikuwa maandishi tu. Bano ni herufi, koma ni herufi, na hata ile moja ilikuwa alama iliyochorwa, si namba ya kufanyia kazi. Nilijaribu kuziandika zote upya kwa mkono nikapotea kabla sijafika masikioni.

Msimamizi wetu hakuwa mtu wa kubembeleza. "Shule zinafunguliwa wiki ijayo," aliniambia. "Ijumaa kama sioni twiga kwa sweta, shika bag yako uende. Mimi sitaki story."

Nikaandika programu ya kusoma ile faili herufi moja moja na kuipelekea mashine. Nilikuwa na haraka, na haraka yangu nikaiita akili. Mashine ilinguruma, kitambaa kikaanza kushuka, na mama aliyeiendesha, mwenyeji wa Thika mwenye mtandio na mdomo usiolala, akakishika kwa ncha za vidole.

"Na huyu ni twiga ama ni ng'ombe ya grade, ile nono ya maziwa?"

Mashine ilikuwa imefuma koma. Kila kisichokuwa sifuri ilikihesabu kuwa uzi wa njano, kwa hiyo katikati ya kila namba mbili palisimama mstari wa njano, na twiga alikuwa amenenepa mara mbili, amefungiwa nyuma ya fito kama yuko zizini. Wenzetu waliacha mashine zao waje kumtazama. Nilicheka pamoja nao, huku nikihesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa.

Nikairekebisha programu iruke koma na mabano, ichukue sifuri na moja peke yake, na kila alama iigeuze kuwa namba kweli. Fito zikatoweka. Sasa twiga alikuwa mwembamba, ila sasa ilionekana alikuwa vipande vipande, kipande kirefu na kipande kifupi, shingo huku na mgongo kule.

"Huyu amegongwa na lori," yule mama wa mashine akasema, halafu akaniangalia usoni akaacha utani. "Kunywa chai kwanza. Hiyo mashine haiendi mahali."

Nikainywa ile chai nikiikodolea macho faili. Ndipo nikaona mistari mingine ilikuwa mifupi, na ile mifupi haikuwa na bano la kufungulia. Mstari wa mchoro ulipozidi upana wa skrini, ulikuwa umekatwa na mabaki yake kushushwa chini. Mimi nilikuwa nahesabu mstari kwa mahali maandishi yanapokatika. Kumbe yule kijana alikuwa ameniwekea mipaka wazi kabisa, na mimi nilikuwa naitupa kama takataka. Nikaiambia programu isijali maandishi yanakatika wapi, isome kutoka bano la kufungulia hadi la kufungia, na huo ndio uwe mstari mmoja.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Kitambaa kilishuka polepole: pembe, masikio, shingo moja ndefu iliyonyooka. Nikakaa juu ya katoni ya nyuzi. Yule mama alikata kitambaa, akakipeleka yeye mwenyewe kwa msimamizi. Jioni niliitwa ofisini nikapewa barua ya kuandikwa.

Nyumbani Ruiru nilimkuta mama yangu nyuma ya nyumba anamlisha mtoto uji.

"Maitu, wameniandika."

Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwa leso, taratibu, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu.

"Ngai, asante," akamshukuru Mungu, kisha akanigeukia. "Sasa hiyo redio utakuwa unafungua kidogo. Hakuna mtu hupenda taarabu hivyo, mwana wakwa. Nilikuwa nakusikia tu ukilia."

Nikalia hapo hapo mbele yake, na uji ukapoa.