Mkono Unaotoka Mdomoni

Kinyago kimoja kimenigharimu gogo zuri la mpingo na patasi mbili, na sasa kinakaribia kunigharimu chumba cha kuzeekea Goba. Nimepiga hesabu mara mbili. Jibu ni lilelile.

Nilianza kazi Chang'ombe, kwenye banda la wachongaji tuliotoka Mtwara. Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa gogo lenye ufa, nami nikachora juu yake mtu aliyesimama wima kama askari. Akacheka. "Mdogo wangu, gogo limepinda, wewe umenyooka. Nani amfuate mwenzie?"

Ndivyo nilivyojifunza shetani, yaani vinyago vya mtu asiye mtu kamili: jicho gotini, sikio tumboni. Hatukuvichonga ili kutisha. Ufa ukipita usoni, uso unagawanyika; gogo likiwa na shimo kifuani, mdomo ndio huo.

Baadaye nikahamia duka moja Kigamboni. Meneja wa pale, mtu wa tai, alitaka kila kinyago kitabasamu. "Fundi, wateja wanaogopa."

"Wakiogopa wanarudi kutazama tena, bosi. Twiga wa kuchonga nani anamrudia?"

Akaniongezea shelfu.

Kisha mke wangu akapata kiharusi. Miezi mingi hakuweza kusema, alikuwa anaashiria tu. Nikamchonga hivyohivyo, mkono ukimtoka mdomoni. Sauti iliporudi alikitazama kile kinyago, akasema, "Ndiyo mie. Wengine wote walikuwa wananiona nimelala."

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Mwanangu ametujengea chumba kwake Goba. Mkewe, mlokole mwenye heshima zake, alikuja kutusaidia kufunga mizigo.

"Shikamoo baba. Nyie karibuni sana. Hilo sanamu, hapana. Watoto watalalaje?"

Nikaanza kuvutana naye kama sokoni. Sebuleni? Hataki. Kibarazani? Wageni wa maombi wanapita. Tukashuka hadi stoo: kifunikwe kanga, uso uelekee ukutani. Nikadhani biashara imekwisha.

"Mie nigeuzwe ukutani?" mke wangu akauliza. "Nendeni nyie." Akavua viatu, akakaa.

Kuukata mkono ili kisiwatishe watoto siwezi. Kinyago ni gogo moja. Ukigusa pale, ufa unapanda hadi usoni. Kumwacha mke ndiyo kabisa. Na mkwe hana kosa, nyumba ni yake, watoto ni wake. Gari la mizigo linakuja Jumamosi. Basi nyie mnaoshika patasi leo, na nyie mnaoishi na wakwe, nishaurini: nianze kusema na nani, na nimwambie nini?