Ndevu za Athumani na chama cha tatu cha Marekani

Jamani, Athumani fundi cherehani kanyoa ndevu zote leo, na mkosaji ni mimi!

Juzi nilimwambia redio imesema huko Marekani safari hii chama cha tatu kinashinda uchaguzi.
(Cha tatu! Na sisi hata cha pili hatukijui.)
Akaapa hapahapa barazani: kikishindwa, ananyoa.

Leo habari zimefika. Vyama viwili vikubwa vimegawana kura, cha tatu kimeambulia makombo.

Mkamcheka. Akaenda kwa kinyozi.
Aliporudi, mjukuu wake kamkimbia akilia.

Akanishika bega: "Pole, ndugu yangu. Redio yako imetudanganya sote."

Redio gani? Haijaona betri tangu Ramadhani!

Athumani, nabandika karatasi hii kwa kuwa mdomo umeona haya. Ukishaisoma, nifuate kwa kinyozi. Wembe ushike wewe, ndevu ni zangu.